Ngozi ya Mtoto ni Ukuta Wake

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wahitimu wa kisomo, Wazo, Dar es Salaam)

 

Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja anaona analijua: kumwogesha mtoto mchanga na kuitunza ngozi yake. Labda mtu atasema, "Jamani, hilo nalo ni la kuitiwa mkutano? Mama zetu walituogesha bila kitabu, na tumekua." Ni kweli, tumekua. Lakini tuliokaa hapa ni wale waliokua. Wale waliozikwa hawapo wa kutusimulia yao.

Tuanze na hesabu, maana sasa sote tunaijua hesabu. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 kuhusu afya ya uzazi, mtoto na malaria ulionyesha hivi: hapa Tanzania, katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, watoto 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Wengine huzaliwa kabla ya siku zao. Wengine hukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Wengine huingiwa na vijidudu. Hatusemi kwamba beseni la maji ndilo linalowaua wote hao. Tunasema kwamba mtoto mchanga ana maadui wawili wakubwa, baridi na vijidudu. Beseni la maji linaweza kuwafukuza maadui hao, na linaweza kuwakaribisha. Inategemea sisi.

UKUTA MPYA

Sisi wa Wazo tunazijua kuta. Kilima chetu ni cha mawe ya chokaa, na kiwanda cha saruji kilianza kazi hapa mwaka 1966. Fundi mwashi yeyote atakuambia kwamba ukuta ambao saruji yake haijashika hauegemewi. Unapewa siku zake.

Ngozi ya mtoto mchanga ni ukuta mpya. Kazi zake ni tatu. Inazuia vijidudu visiingie mwilini. Inatunza joto. Inazuia maji ya mwili yasipotee. Lakini ngozi hiyo bado ni nyembamba kuliko ya mtu mzima. Kitu kikali ukikipaka juu, kinapenya upesi. Na kwa kuwa mwili wa mtoto ni mdogo, joto lake linakimbia haraka kuliko letu. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tuzitazame nyufa moja moja.

SAA 24 ZA KWANZA

Je, mtoto akizaliwa aogeshwe lini? Shirika la Afya Duniani linashauri tungoje mpaka zitimie angalau saa 24.

Sababu yake tunaijua nyumbani. Kwa nini maji ya mtungi ni baridi hata jua likiwa kali? Ni kwa sababu mtungi unatoa unyevu, unyevu ule unakauka, na unapokauka unaondoka na joto. Sasa mtoto aliyelowa ni kama mtungi. Ametoka tumboni kwenye joto, analowa maji, yanakauka juu ya ngozi yake, naye anapoa. Mtoto akipoa anachoka, na akichoka hanyonyi vizuri. Kwa hiyo akizaliwa afutwe na kukaushwa kwa nguo safi na kavu, awekwe kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, na wafunikwe wote wawili. Kichwa chake kifunikwe pia.

"Lakini ana uchafu mweupe mwilini!" Ndugu zetu, ule si uchafu. Ni utando aliokuwa nao tumboni, nao unailinda ngozi yake mpaka izoee hewa. Hauna haja ya kusuguliwa, utakwisha wenyewe. Wapo wanaomcheka mzazi wakisema utando ule ni alama kwamba alilala na mumewe mimba ilipokuwa kubwa. Si kweli. Utando unatengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe. Tuache kuwaaibisha wazazi, maana mama akishaona haya atataka mtoto asuguliwe upesi, naye atapata baridi bure. Damu tu ndiyo ifutwe.

Mwaka 2022 akina mama wanane katika kila kumi walijifungulia kwenye vituo vya afya. Hilo ni jambo jema. Lakini wengi hurudi nyumbani upesi, wakakuta beseni limekwisha kuandaliwa. Tufanye hesabu. Mtoto amezaliwa Jumatatu saa tisa mchana. Saa 24 zinatimia Jumanne saa tisa mchana. Jioni inakaribia na upepo unaanza. Basi tungoje Jumatano saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limepanda. Hakuna kitakachoharibika.

Na mtoto njiti, au aliyezaliwa mdogo sana, yeye asiharakishwe kabisa kuogeshwa. Apanguswe tu, na abebwe kifuani kwa njia ile inayoitwa kangaruu, mpaka wahudumu wa afya waseme sasa ameweza. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali za nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Kwetu ulifanyika Muhimbili. Watoto wadogo waliowekwa kifuani kwa mama mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache, pungufu kwa robo nzima, kuliko wale waliosubiri kwanza mpaka hali itulie. Kifua cha mama ni dawa isiyouzwa.

KITOVU: MLANGO ULIO WAZI

Kati ya mwaka 2005 na 2007 watafiti walikwenda vijiji vinane vya Lindi Vijijini na Tandahimba, wakauliza watu wanamtunzaje mtoto mchanga. Waliambiwa kwamba mpaka kitovu kidondoke, mtoto na mama yake wanalindwa sana wasifikiwe na uchawi na pepo wabaya.

Tusicheke. Wazee wale waliona jambo la kweli. Waliona kwamba mtoto ambaye kitovu chake hakijadondoka yuko hatarini. Kitovu kibichi ni mlango ulio wazi katika ukuta. Adui anayeingia hapo ni vijidudu, na vijidudu huingia kwa mikono yetu na kwa vitu tunavyopaka.

Adui mmoja wa zamani aliitwa pepopunda. Mtoto alikakamaa, taya likafunga, akashindwa kunyonya, akafa. Aliingia kwa wembe mchafu, kwa majivu, kwa samadi ya ng'ombe. Kwa chanjo wanazochomwa akina mama wajawazito na kwa ukunga safi, mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imefika hatua ya kuitokomeza pepopunda ya watoto wachanga. Kutokomeza hapa maana yake ni kwamba imepungua sana. Vijidudu vyake bado vimo ardhini. Tukirudia samadi, nao watarudi.

Kwa hiyo kitovu kiachwe kikavu na safi. Kisipakwe majivu, samadi, mafuta, poda wala mate. Kikichafuka kwa mkojo au kinyesi, kisafishwe kwa maji safi na sabuni, kikaushwe kwa kitambaa safi. Nepi ifungwe chini ya kitovu. Kama kituo cha afya kimekupa dawa maalumu ya kupaka, itumie kama ulivyoelekezwa. Vinginevyo, usiongeze kitu. Kwa kawaida kitadondoka chenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kisivutwe.

NAMNA YA KUMWOGESHA

Sasa tuingie kazini. Tunaposoma hatua hizi nyumbani, mmoja asome na mwingine atende.

1. Weka kila kitu karibu kabla ya kumvua mtoto nguo: beseni safi, taulo au kanga kuukuu iliyofuliwa, nguo safi, nepi, sabuni. Funga dirisha upepo usipite.

2. Nawa mikono kwa sabuni. Vua pete na bangili zinazokwaruza.

3. Tia maji ya baridi kwanza katika beseni, halafu ongeza ya moto kidogo kidogo, ukoroge. Usianze na ya moto. Beseni liwe chini sakafuni, mbali na jiko na birika.

4. Pima maji kwa kiwiko cha mkono, usipime kwa kiganja. Kiganja cha mama aliyezoea kuepua sufuria hakisikii moto. Kiwiko kikisikia uvuguvugu, maji yamefaa.

5. Anza na uso, kwa maji matupu. Kila jicho lipanguswe kwa pamba au kitambaa chake, kuanzia puani kwenda nje. Sikio lipanguswe nje tu. Usiingize kijiti.

6. Shika kichwa na shingo kwa mkono mmoja. Osha mwili kwa mkono mwingine. Kumbuka mikunjo: nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, mapajani. Huko ndiko maziwa na jasho hujificha na ngozi huchubuka.

7. Mtoto wa kike asafishwe kutoka mbele kwenda nyuma, ili kinyesi kisifike mbele. Wa kiume asivutwe ngozi ya mbele.

8. Dakika tano zinatosha. Mtoe, mfunike, mkaushe kwa kugusagusa bila kusugua. Kausha kila mkunjo. Mvike, kisha mnyonyeshe.

Mtoto asiachwe peke yake ndani ya maji hata kidogo. Mtu akibisha hodi, nenda naye mkononi au mwache agonge. Maji ya kina cha vidole vichache yanaweza kumzamisha mtoto.

Tunasema, maji ya moto hayachomi nyumba. Nyumba hayachomi, lakini mtoto yanamchoma. Ikitokea akaungua, mwagie palipoungua maji safi yasiyo ya moto, yawe yanatiririka, kwa dakika 20. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe asipate baridi. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta. Kisha nenda naye kituo cha afya.

Na jambo moja zaidi. Kumpasha joto mzazi na mtoto ni desturi nzuri, lakini jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Watu hulala wasiamke.

MAJI YAKIWA MACHACHE

Mama mmoja anaweza kuuliza, "Na maji je?" Swali hilo ni la haki. Mwezi Oktoba mwaka 2022 Mto Ruvu ulipungua maji, na Dar es Salaam yote ikaingia katika mgawo. Wengine wetu tunachota kwenye visima vya chumvi ambavyo sabuni haitoi povu. Huko vijijini, wengine wanakwenda mbali na ndoo kichwani.

Habari njema ni kwamba mtoto mchanga hahitaji maji mengi. Hajachimba shamba, hajabeba zege. Kuogeshwa mara mbili au tatu kwa wiki kunamtosha. Siku nyingine apanguswe uso, shingo, makwapa na sehemu za chini kwa kitambaa safi na maji ya uvuguvugu. Wakati wa joto kali la Desemba hadi Februari si vibaya akioga kila siku, ila iwe kwa muda mfupi na si kila mara kwa sabuni. Sabuni nyingi huondoa mafuta ya asili ya ngozi, nayo hukauka na kupasuka.

Maji ya chumvi yakitumika, tubakishe kopo moja la maji baridi yasiyo na chumvi, yapashwe uvuguvugu kwa kumsuuzia. Maji yenye shaka yachemshwe, yaachwe yapoe, hasa kama kitovu hakijapona. Sabuni ya mche ni nzuri kwa kufulia nguo zake, mradi zisuuzwe vizuri. Kwa mwili wake tumia sabuni laini isiyo na harufu kali. Dawa za kuulia vijidudu za kusafishia sakafu zisitiwe katika maji yake.

TUNAMPAKA NINI?

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa kati ya bibi, mama na duka la vipodozi.

Mafuta: mtoto mwenye ngozi nzima hana lazima ya kupakwa mafuta kila siku. Katika wiki za kwanza ngozi yake inaweza kubanduka kidogo. Hilo ni la kawaida, itaisha. Kama ngozi imekauka, mafuta kidogo safi, yasiyo na manukato, yanafaa. Yachotwe kwa mkono safi na kopo lifunikwe. Wakati wa joto, mafuta mazito huziba jasho na kuleta harara.

Poda: mtoto huivuta puani, nayo huumiza mapafu. Mwaka 2022 kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani ilitangaza kwamba itaacha kuuza poda ya watoto yenye talki duniani kote kuanzia mwaka 2023. Mikunjo ikikaushwa vizuri, poda haina kazi.

Wanja: hapa pwani tunampaka mtoto wanja kwenye nyusi, au tunamtia doa usoni kukinga kijicho. Baadhi ya wanja una madini ya risasi, nayo huingia mwilini na kudhuru ubongo wa mtoto. Anayetaka kumkinga mwanawe, amwombee dua na ampeleke kliniki kwa chanjo. Wanja auache.

Mkorogo: mama anayejipaka mkorogo anamgusisha mtoto kila anapomkumbatia. Baadhi ya vipodozi hivyo vina zebaki, na vyenye zebaki vimepigwa marufuku nchini. Sumu ile inapita ngozi ya mama, basi ngozi ya mtoto itafanyaje?

Vidonge vya kabatini: vile vyeupe, vyenye harufu kali, vya kufukuza wadudu kwenye nguo. Visikae pamoja na nguo za mtoto. Kwetu, kwenye malaria nyingi, wapo watoto, hasa wa kiume, waliozaliwa na upungufu fulani katika damu. Harufu ile inaweza kuvunja damu yao na kuwafanya wa manjano, hata wafe. Mzazi hawezi kuwajua kwa macho. Basi nguo zote zikauke juani, na vidonge viachwe.

KIPI CHA KAWAIDA, KIPI SI CHA KAWAIDA

Baka la rangi ya buluu au kijivu mgongoni au matakoni huonekana kwa watoto wetu wengi. Mtoto hakupigwa wala hakurogwa. Hufifia anapokua. Vijipele vidogo vyeupe puani navyo huondoka. Matiti ya mtoto yakivimba siku za mwanzo, ni nguvu ya damu ya mama iliyobaki mwilini mwake. Yasikamuliwe, yatafanya jipu.

Harara ni ya joto. Dawa yake ni kumpunguzia nguo, kumweka penye hewa na kumpangusa. Makalio yakiwa mekundu, badilisha nepi mara anapolowa na umwache wazi kidogo kila siku. Nepi za dukani zinazoitwa pampasi zisivaliwe kutwa nzima ili zidumu. Wekundu ukibaki siku tatu, au ukiingia kwenye mikunjo na vijipele pembeni, nenda zahanati.

Mtoto mwenye ualbino ana ngozi isiyojikinga na jua. Tangu siku ya kwanza akae kivulini, avikwe nguo za mikono mirefu na kofia. Kliniki itawaeleza lini aanze mafuta ya kukinga jua. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, yanatengenezwa mafuta ya namna hiyo, yanaitwa Kilisun.

AKINA BABA, NA NYINYI

Wengi wenu hapa ni waashi, wapiga matofali, wabeba zege. Mnarudi jioni mmechoka, mkakimbilia kumbeba mtoto. Upendo huo ni mzuri. Lakini vumbi la saruji likikutana na jasho au maji linakuwa kali. Linachoma hata viganja vyenu vigumu. Ngozi ya mtoto italistahimilije? Kwanza oga, badili nguo, ndipo umchukue mtoto. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na zake.

Tena kuogesha si kazi ya mwanamke peke yake. Baba anaweza kuchota maji, kupima kwa kiwiko, kushika taulo. Mzazi aliyetoka kujifungua anahitaji kupumzika. Desturi ya siku arobaini inasema hivyo hivyo, na katika hilo wazee wetu wana haki.

Tunawaambia hivi vijana wanaotaka kutupa mambo yote ya zamani. Mtu anapofua nazi hutupa makumbi, nazi haitupi. Kumfunika mtoto joto, kumpumzisha mama, kupunguza wageni wa kumshikashika mtoto, hiyo ni nazi, tuitunze. Samadi kwenye kitovu, maji mara tu mtoto anapozaliwa, wanja, hayo ni makumbi.

DALILI ZA HATARI

Dalili hizi haziogeshwi wala hazipakwi dawa ya nyumbani. Nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku:

- mtoto hanyonyi, au ananyonya kwa udhaifu;
- ana joto kali, au mwili umekuwa wa baridi;
- anapumua mbio, mara 60 au zaidi kwa dakika moja, au mbavu zinaingia ndani;
- ngozi inayozunguka kitovu imekuwa nyekundu, au kitovu kinatoa usaha au harufu mbaya;
- ana malengelenge au vipele vyenye usaha;
- amekuwa wa manjano siku ya kwanza, au viganja na nyayo zimekuwa za manjano. Mtazameni mchana penye mwanga. Kumwanika juani hakutoshi;
- anakakamaa au kutetemeka mwili, au amelegea haamki.

Mpelekeni akiwa amefungwa kifuani kwa mama, ili asipoe njiani.

TUFANYE NINI KUANZIA KESHO

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Karibu watu milioni mbili walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio na kusoma kijitabu. Lakini hawakuishia kusikiliza. Walichimba vyoo, walifyeka majani, walifukia madimbwi. Kusoma kukawa kazi.

Nasi tufanye hivyo. Mama mwenye mimba na yule atakayemwogesha mtoto wake, awe bibi, shangazi au jirani, wakae pamoja wasome maneno haya kabla mtoto hajazaliwa. Baada ya kuzaliwa ni kuchelewa, maana nyumba imejaa wageni na kila mtu ana neno lake. Wakubaliane mambo matatu: hatutamwogesha kabla ya saa 24, hatutapaka kitu kwenye kitovu tusichopewa na kituo, na tukiona dalili ya hatari hatutangoja asubuhi. Bibi akikubali mambo hayo, mtoto amepata mlinzi mkubwa kuliko daktari, kwa sababu bibi yuko nyumbani usiku na mchana.

Haya, ndugu zetu. Ukuta ukijengwa vizuri, mwenye nyumba hulala. 

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Mtoto amezaliwa Ijumaa saa mbili usiku. Saa 24 zinatimia lini? Nyinyi mtamwogesha siku gani na saa ngapi?

2. Katika kijiji au mtaa wenu, watu hupaka nini kwenye kitovu? Nani anayeamua? Mtazungumza naye namna gani kwa heshima?

3. Taja desturi mbili za wazazi wenu ambazo zinamsaidia mtoto mchanga, na moja ambayo mngependa kuiacha.

4. Kutoka kwenu hadi zahanati ni mwendo gani? Mtoto akiugua usiku, mtakwenda kwa chombo gani, na nauli itatoka wapi? Amueni leo.